Upatanisho Uliovunjika: Namna Msimbo wa Miundomsingi Unavyohojiwa Kama Hifadhidata

Utangulizi

Mnamo tarehe 29 Julai mwaka 2019, benki ya Capital One ya Marekani ilitangaza kwamba mtu asiyeruhusiwa alikuwa amezifikia taarifa za watu wapatao milioni 100 nchini humo na wengine wapatao milioni 6 nchini Kanada. Miongoni mwa taarifa hizo zilikuwemo nambari za hifadhi ya jamii zipatazo 140,000 na nambari za akaunti za benki zipatazo 80,000. Mwezi wa Agosti mwaka uliofuata, msimamizi wa mabenki wa serikali ya Marekani aliitoza benki hiyo faini ya dola milioni 80. Jambo linalostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa lugha katika kisa hiki ni umbo la kosa lililosababisha hasara hiyo. Hapakuwa na kufuli lililovunjwa kwa nguvu. Palikuwa na ukuta wa kinga uliosanidiwa vibaya, ukakubali kutumwa na mgeni. Palikuwa na wadhifa uliopewa ukuta huo, wenye idhini pana kuliko kazi yake. Palikuwa pia na maghala ya data zaidi ya 700 ambayo mwenye wadhifa huo aliweza kuyafikia. Data ya benki hiyo ilikuwa imesimbwa, lakini benki yenyewe ilieleza kwamba namna tukio lilivyotendeka ilimwezesha mvamizi kuifumbua. Mkaguzi ambaye angeuliza kuhusu ghala moja moja, "Je, hili limesimbwa?", angejibiwa "Ndiyo" na kwenda zake.

Mwanasarufi anaifahamu hali hii. Neno "kitabu" ni sahihi. Neno "limeanguka" ni sahihi. Yakiwekwa pamoja, "Kitabu limeanguka", huzuka kosa ambalo halimo katika neno lolote kati ya hayo mawili, bali limo katika uhusiano baina yao. Upatanisho ndio uliovunjika. Sehemu kubwa ya makosa ya usalama katika mifumo ya tarakilishi ya leo ni ya jamii hii, na msomaji anayepitisha jicho mstari baada ya mstari hayaoni kwa urahisi, hasa pale ambapo nomino imo katika faili moja na kitenzi chake kimo katika faili nyingine, iliyoandikwa na mtu mwingine miezi minane baadaye. Makala haya yanakusudia kueleza mbinu mojawapo ya kuyasaka makosa hayo, nayo ni kuyageuza maandishi yanayounda mifumo hiyo yawe majedwali, kisha kuyahoji kwa lugha ile ile inayotumiwa kuhoji hifadhidata.

Maneno machache yafafanuliwe kwanza. Hifadhidata, ambayo baadhi ya wasomi hupendelea kuiita kanzidata, ni mkusanyiko wa taarifa uliopangwa ili uweze kuulizwa maswali. Msimbo ni maandishi ambayo tarakilishi huyatekeleza. Wingu ni jina la huduma za tarakilishi zinazokodishwa kupitia mtandao. Lawama ya jina hilo iwaendee waliolibuni kwa Kiingereza, kwani hakuna kitu kizito na chenye kuchimbiwa ardhini kama jumba la seva. Ndoo ni ghala la data katika huduma ya S3 ya kampuni ya Amazon, na jina hilo wamelichagua wenyewe. Chaguo-msingi ni thamani inayotumika pale mtumiaji asiposema lolote. Istilahi hii ya mwisho ndiyo itakayoleta matata makubwa huko mbele.

Miundomsingi inayoandikwa

Zamani, aliyetaka seva aliinunua, akaibeba, akaichomeka. Amazon ilipoanza kukodisha maghala ya data mwezi wa Machi 2006, na tarakilishi zenyewe baadaye mwaka huo huo, kununua kuligeuka kuwa kubofya. Kubofya nako kulikuwa na udhaifu wake, kwa kuwa hakuachi maandishi yanayosomeka. Msimamizi aliyefungua mlango fulani usiku wa manane ili ajaribu jambo, kisha akasahau kuufunga, hakuacha sentensi popote inayosema kwamba mlango huo uko wazi.

Ndipo zikaja lugha za kuandika miundomsingi. Amazon ilitoa CloudFormation mwaka 2011. Kampuni ya HashiCorp ikatoa Terraform mwaka 2014, nayo ikaenea sana kwa kuwa haikufungwa kwa mwenye wingu mmoja. Mwaka 2023 HashiCorp ilibadilisha leseni ya programu hiyo, baadhi ya watumiaji wakajitenga na kuanzisha OpenTofu chini ya Linux Foundation, na mwaka 2025 HashiCorp ikawa mali ya IBM. Msukosuko huo wa wenye mali haukuibadilisha sana lugha yenyewe.

Lililo muhimu kwa mada hii ni dhamira ya lugha hizo. Lugha nyingi za programu huamuru: fanya hili, kisha lile, rudia mara kumi. Terraform huarifu. Mwandishi hutangaza kwamba ipo ndoo yenye jina fulani, upo mtandao wenye anwani fulani, ipo seva inayoishi ndani ya mtandao huo. Programu hulinganisha matamko hayo na hali iliyopo, kisha hufanya linalohitajika ili ulimwengu ufanane na maandishi. Kwa hivyo msimbo wa miundomsingi ni mkusanyiko wa matamko kuhusu vitu, sifa zao na uhusiano wao. Mkusanyiko wa namna hiyo uko karibu mno na hifadhidata, na ni ajabu kidogo kwamba kwa miaka kadhaa wengi waliendelea kuukagua kwa kuusoma tu kama waraka.

Kutafuta neno na kuchanganua sentensi

Njia ya kwanza ambayo mkaguzi huijaribu ni kutafuta mfuatano wa herufi. Mathalani, maandishi 0.0.0.0/0 humaanisha anwani zote za intaneti za toleo la nne, yaani ulimwengu mzima. Mlango nambari 22 nao ndio ambao kwa kawaida wasimamizi huutumia kuingia katika seva wakiwa mbali. Tamko linaloruhusu 0.0.0.0/0 kuingia kupitia mlango wa 22 limeiweka seva barazani, mbele ya kila mpita njia. Basi mkaguzi anatafuta 0.0.0.0/0 katika faili zote na kuletewa orodha ndefu.

Orodha hiyo ina kasoro za pande mbili. Kwa upande mmoja imejaa visivyohusika: kanuni za kutoka badala ya za kuingia, na seva kuruhusiwa kutoka kwenda popote ni jambo la kawaida, maoni yaliyoandikwa kando ya msimbo kuwaonya wengine wasitumie anwani hiyo, mifano ndani ya faili za mafunzo. Kwa upande mwingine, na hapa ndipo penye hatari, imeyaacha makosa halisi. Mwandishi aliyeandika kanuni mbili, moja ya 0.0.0.0/1 na nyingine ya 128.0.0.0/1, ameugawa ulimwengu katika nusu mbili na kuzikaribisha zote mbili, ilhali mfuatano unaotafutwa haumo. Aliyeandika ::/0 amefanya hayo hayo kwa anwani za toleo la sita. Aliyefungua milango yote kuanzia 0 hadi 65535 ameufungua mlango wa 22 bila kuutaja.

Mtafiti wa Kiswahili aliyewahi kutumia kopasi hahitaji kushawishiwa. Anayetafuta herufi p-a-a huletewa paa la nyumba, paa wa mbugani, ndege anayepaa, mvuvi anayepaa samaki, na kipaaza sauti juu yake. Kopasi iliyofafanuliwa, ambayo kila neno limewekewa lebo ya kategoria na ngeli yake, kama ilivyo Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, humruhusu mtafiti aombe "paa" likiwa nomino ya ngeli ya LI-YA pekee. Tofauti baina ya maombi hayo mawili ndiyo tofauti baina ya kutafuta neno na kuihoji sarufi.

Kutoka matawi hadi jedwali

Mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya hufunzwa kuchanganua sentensi kwa matawi, kwa jedwali na kwa mishale. Programu zinazozungumziwa hapa hufanya mbili za kwanza, kwa mpangilio huo huo. Kichanganuzi husoma faili na kuchora mti wake: tamko lina aina na jina, chini yake zimo sifa, na chini ya baadhi ya sifa zimo sifa nyingine ndogo. Kisha mti huo hulazwa kuwa jedwali. Kila tamko huwa mstari mmoja. Aina, jina, sifa, faili na nambari ya mstari huwa safu. Nambari ya mstari si pambo, kwa maana jibu lisiloweza kuonyesha kosa liko wapi halitofautiani na umbeya.

Yakishakuwa jedwali, maandishi hayo huingia katika himaya ya taaluma iliyokomaa. Edgar F. Codd wa IBM alichapisha mwaka 1970 nadharia ya kuipanga data katika mahusiano, na mwaka 1974 wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakatoa lugha ya kuihoji waliyoiita SEQUEL. Walikusudia iweze kutumiwa hata na mtu asiye mtaalamu wa hesabu, ndiyo maana waliifanya ifanane na sentensi ya Kiingereza. Jina lilikuwa limekwisha kusajiliwa kama alama ya biashara na kampuni nyingine, likafupishwa kuwa SQL, na mwaka 1986 lugha hiyo ikawekewa kiwango rasmi nchini Marekani. Nayo pia huarifu: anayeuliza hueleza jibu analolitaka liweje, hasemi litafutwe vipi. Ikivishwa maneno ya Kiswahili, swali kuhusu mlango wa 22 lingekuwa hivi:

CHAGUA jina, faili, mstari
KUTOKA kanuni_za_mtandao
AMBAPO mwelekeo = 'kuingia'
NA mlango_wa_kwanza <= 22
NA mlango_wa_mwisho >= 22
NA biti_zilizofungwa < 8

Sharti la mwisho linahitaji maelezo. Nambari inayofuata mkwaju katika anwani huhesabu biti zilizofungwa. Kadiri nambari hiyo inavyopungua ndivyo mlango unavyopanuka: /0 haifungi biti yoyote, /1 hufunga moja, na hata /8 hukaribisha anwani 16,777,216. Swali hili basi linawanasa walioandika nusu mbili za ulimwengu, na linamnasa aliyefungua milango yote kwa pamoja, kwa sababu linauliza juu ya maana ya tamko badala ya sura yake.

Wazo la kuvika kila kitu vazi la jedwali halikuanzia kwenye wingu. Kampuni ya Facebook ilitoa osquery mwaka 2014, programu inayouwezesha mfumo endeshi wa tarakilishi kuhojiwa kwa SQL: programu zinazotenda kazi ni jedwali, watumiaji ni jedwali, milango iliyo wazi ni jedwali. Steampipe, iliyotolewa na kampuni ya Turbot mwaka 2021, imelifikisha wazo hilo kwenye wingu. Imejengwa juu ya hifadhidata ya PostgreSQL. Kiambajengo chake kimoja husoma faili za Terraform kama majedwali, na kingine husoma wingu lenyewe lilivyo wakati huo, kwa SQL ile ile.

Upatanisho wa faili kwa faili

Hadi hapa mfano umekuwa wa tamko moja. Nguvu ya mbinu hii huonekana pale matamko yanapotegemeana.

Ndoo za S3 zina sifa nyingi: nani aruhusiwe kuisoma, isimbwe kwa ufunguo gani, matoleo ya zamani ya faili yahifadhiwe au la. Katika Terraform, sifa nyingi kati ya hizo ziliandikwa zamani ndani ya tamko la ndoo yenyewe. Mwezi wa Februari 2022 lilitoka toleo la nne la kiambajengo cha Amazon, nalo likazitenganisha: ndoo ikawa tamko moja, usimbaji wake tamko la pili, udhibiti wa wasomaji la tatu. Kizuizi cha kuzuia umma kilikuwa tamko la kujitegemea hata kabla ya hapo. Matamko hayo huunganishwa na ndoo kwa marejeo, yaani kizuizi huandikwa na ndani yake hutajwa jina la ndoo kinayoihusu. Rejeo hilo hufanya kazi ya kiambishi cha upatanisho. Kama "ki" katika "kimeanguka" inavyorejelea kitabu kilichotajwa maneno kumi nyuma, ndivyo rejeo ndani ya kizuizi linavyoielekea ndoo iliyotangazwa katika faili nyingine.

Mkaguzi anayesoma tamko la ndoo peke yake hawezi tena kujua kama ni salama. Hali kadhalika, kuona kizuizi hakumwambii lolote mpaka ajue ni cha ndoo ipi. Anachokihitaji ni kuyaunganisha majedwali mawili, na kazi hiyo ndiyo ambayo SQL iliundwa kuifanya:

CHAGUA ndoo.jina, ndoo.faili, ndoo.mstari
KUTOKA ndoo
AMBAPO HAKIPO kizuizi
AMBACHO kizuizi.rejeo = ndoo.jina

Ajabu ya swali hili ni kwamba linaleta visivyokuwepo. Hakuna mstari wowote katika msimbo unaoweza kuoneshwa kwa kidole na kuambiwa "hili ndilo kosa". Kosa ni mstari ambao haukuandikwa. Mhakiki wa fasihi amezoea kuuliza ni sauti ya nani isiyosikika katika riwaya. Mkaguzi wa msimbo huuliza swali la aina hiyo hiyo, ila yeye ana kifaa kinachompa orodha kamili.

Ukimya wa maandishi

Hapa panafaa kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoteleza.

Tuseme mkaguzi anataka seva ambazo hazijalazimisha njia mpya ya kutoa hati za muda za utambulisho. Njia hiyo ilitangazwa na Amazon mwezi wa Novemba 2019, miezi michache baada ya kisa cha Capital One, ambamo mvamizi aliutumia ukuta wa kinga kuomba hati hizo kwa njia ya zamani. Katika Terraform, ulazima huo hutajwa kwa sifa moja ambayo thamani yake huandikwa "required". Mkaguzi anaandika: chagua seva ambazo thamani ya sifa hiyo si "required". Swali linaonekana kamili, na jibu linarudi tupu. Anafurahi. Hata hivyo, seva zote ambazo waandishi wake hawakuitaja sifa hiyo hata kidogo zimepita bila kuguswa.

Sababu yake ni ya kimantiki. SQL haina kweli na uongo tu, bali ina hali ya tatu ya kutojulikana. Safu ambayo haikujazwa hubeba alama ya NULL. Ukiuliza kama NULL ni sawa na "required", jibu si ndiyo wala la, ni "haijulikani". Ukiuliza kama ni tofauti na "required", jibu ni lile lile, "haijulikani". Sharti la AMBAPO hupitisha yaliyo kweli pekee, basi yasiyojulikana huachwa nje pande zote mbili. Swali sahihi halina budi kuutaja ukimya kwa jina lake: ambapo thamani si "required", au ambapo thamani haikutajwa.

Tatizo haliishii hapo. Baada ya ukimya kupatikana, sharti ufasiriwe, na ufasiri wake hubadilika na wakati. Ndoo ambayo msimbo wake haukusema lolote kuhusu usimbaji ilikuwa na maana moja mwaka 2022 na maana nyingine mwaka 2023, kwani tangu tarehe 5 Januari mwaka huo Amazon husimba kila kitu kipya kinachowekwa katika S3 hata mwenye ndoo asiposema. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, ndoo mpya zikaanza kuzuiliwa umma kwa chaguo-msingi. Herufi za msimbo ni zile zile, maana imegeuka. Mwanafunzi wa pragmatiki ataikumbuka hoja kwamba ukimya hupata maana kutokana na muktadha. Katika taaluma hii muktadha hutangazwa na mwenye wingu, na maswali yaliyoandikwa kabla ya tangazo hubaki yakilalamikia hatari iliyokwisha kuondoka, au, vibaya zaidi, yakinyamazia iliyoingia.

Nasaba za idhini

Kuna maswali ambayo SQL huyamudu kwa taabu, nayo ni yale ya mnyororo usiojulikana urefu wake. Katika wingu, seva hupewa wadhifa. Wadhifa huruhusiwa kuvaa wadhifa mwingine. Huo wa pili huruhusiwa kuvaa wa tatu. Na wa tatu ndio wenye ufunguo wa ndoo. Kila kiungo ni halali. Mkaguzi anauliza: kutoka seva inayotazama intaneti, ni ndoo zipi zinazoweza kufikiwa kwa hatua zozote zile?

Lugha ya Datalog hulieleza jambo hili kwa ufupi unaopendeza, na mfano wake wa jadi ni wa nasaba. X ni mhenga wa Y ikiwa X ni mzazi wa Y. X ni mhenga wa Y pia ikiwa X ni mzazi wa Z, na Z ni mhenga wa Y. Sentensi mbili zinatosha kwa vizazi visivyo na idadi. Badala ya mzazi wekwe "anaweza kuvaa wadhifa wa", badala ya mhenga wekwe "anaweza kufikia", na swali la mkaguzi limekamilika. SQL nayo imekuwa na maswali ya kujirejelea tangu kiwango cha mwaka 1999, lakini sentensi zake huwa ndefu na ngumu kusomwa na mtu wa pili.

Ndiyo maana baadhi ya vifaa vimefuata mkondo wa Datalog. Lugha ya Rego, inayotumiwa na Open Policy Agent, ilichota wazo lake huko, na programu ya KICS ya kampuni ya Checkmarx huandika maswali yake kwa Rego. CodeQL, iliyotokana na kampuni ya Semmle iliyonunuliwa na GitHub mwaka 2019, hutumia wazo hilo hilo kuhoji msimbo wa programu za kawaida. Checkov, iliyoanza mwaka 2019, ina kanuni zinazoandikwa kwa Python au YAML, na huunda grafu ya matamko ili kufuata marejeo. Ubishi kuhusu kipi kati ya hivi ni bora hauna tija sana. Aliyezoea SQL, na waliozoea ni wengi, ataandika swali lake mwenyewe siku hiyo hiyo. Anayekagua nasaba ndefu za idhini atafaidika kwa kujifunza Datalog.

Majibu na wasomaji wake

Swali likishajibiwa, jibu lahitaji msomaji. Mwaka 2019 Akond Rahman, Chris Parnin na Laurie Williams walichapisha utafiti wao juu ya dalili saba za hatari katika msimbo wa miundomsingi ulioandikwa kwa Puppet. Kifaa chao hakikutumia SQL, lakini kilifuata njia ya kuchanganua kwanza na kuuliza baadaye. Katika faili 15,232 za msimbo kutoka hazina 293 za wazi walikuta mitajo 21,201 ya dalili hizo, zikiwemo nywila 1,326 zilizoandikwa waziwazi ndani ya msimbo. Dalili mojawapo kati ya hizo saba inamgusa mhakiki moja kwa moja: maoni ya mwandishi kando ya msimbo yanayokiri kwamba hapa pana kasoro itakayorekebishwa baadaye.

Watafiti hao waliteua mitajo 1,000 kwa nasibu na kuwaandikia wenye msimbo. Majibu yalikuja kuhusu 212, na katika hayo 148 yalikubaliwa kuwa ni makosa ya kurekebishwa. Sitini na nne waliobaki hawakukubali, na si lazima wawe walikosea. Ndoo ya kuhifadhia picha za tovuti ya umma inatakiwa isomwe na umma. Swali haliujui mradi, linajua muundo tu. Kwa sababu hiyo vifaa kama Checkov huruhusu mwandishi kuandika kando ya tamko kwamba swali fulani lisilihusu, pamoja na sababu yake. Kuna mazoea mabaya ya kuwasha mamia ya maswali yaliyoandikwa na wengine, kupata orodha ya kurasa na kurasa, kisha kutoisoma. Maswali kumi yaliyoandikwa na mtu anayejua ndani ya mfumo huo mna nini na ni cha nani yana faida kubwa kuliko hayo.

Zipo pia taarifa ambazo msimbo hauna. Thamani nyingine huandikwa kama kigeu, zikasubiri kujazwa wakati wa utekelezaji. Anayehoji faili tupu huona jina la kigeu, haoni nambari. Dawa yake ni kuuhoji mpango ambao Terraform huutoa kabla ya kutenda, ambamo vigeu vingi vimekwisha kujazwa. Zaidi ya hayo, maandishi si onyesho. Tamthilia iliyochapishwa na tamthilia inayoigizwa jukwaani hutofautiana pale mwigizaji anapoongeza neno lake, na wingu nalo hutofautiana na msimbo wake pale msimamizi anapobofya kwa mkono. Hapo ndipo faida ya kuwa na majedwali ya pande zote mbili inapoonekana: mkaguzi huunganisha jedwali la yaliyoandikwa na jedwali la yaliyopo, na kuomba mistari ambayo safu hizo mbili hazikubaliani.

Kwa mashirika ya Kenya jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu chake cha 41, inamtaka mwenye kudhibiti data ailinde kwa usanifu au kwa chaguo-msingi, na kifungu cha 43 kinampa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data baada ya kugundua kwamba data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kwamba mwenye data yumo katika hatari halisi ya kudhurika. Saa hizo zikianza kuhesabiwa, swali la kwanza huwa ni ndoo zipi zilizoweza kufikiwa kutoka pale palipovunjika. Shirika ambalo limeyahifadhi maswali yake pamoja na msimbo, na ambalo huyaendesha kila mara msimbo unapobadilishwa, lina jibu la jana na la juzi la kulinganisha na la leo, na tarehe ya kila moja.